Sarafu Zilizokataliwa na Sumaku

Omate, mvua ingali juu ya bati

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku msituni. Goti lako linasemaje asubuhi ukitaka kusimama? Ile dawa ya kupaka niliyomkabidhi mke wa katekista uliipata, au iliishia njiani kama sukari ya mara ile? Na mbuzi yule mwenye jicho moja, bado anawashinda akili? Najua Inosenti ndiye atakayekusomea barua hii, kwa hiyo namwambia mapema: ndugu yangu, usiruke sehemu inayokuhusu, na Baba mdogo akiwapo, soma polepole asikie kila neno.

Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mjukuu wako Neema amekua, viatu vya Noeli havimwingii tena. Baba yake bado anashuka shimoni kuchimba dhahabu kila siku na kila siku anasema wamekaribia. Wamekaribia tangu mwaka jana. Mimi naendelea na chakula changu: foufou, maharage, na sombe ya majani ya muhogo wakati mafuta yanapopatikana. Wachimbaji wanakula kama moto, wakati wa kulipa wanakumbuka maumivu ya tumbo. Matope ya huku huyajui, Mama. Yanavua mtu kiatu na hayarudishi. Chumvi ikifika hapa, bei yake imeshapanda mlima mara mbili, na muuzaji anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeifanya njia iwe mbaya.

Nilifurahi uliponiandikia kwamba jiko halivuji tena, na kwamba Baba mdogo Siriaki mwenyewe alipanda juu na nyundo. Nilifurahi kweli, siku hiyo. Hilo jiko tutalirudia.

Mzigo ulifika. Jado wa pikipiki alizunguka kupitia Pinga kwa sababu njia ya kwetu haipitiki, akalipa kwenye kila barieri ya askari, akanifikia amechafuka mpaka kope. Alipoufungua mfuko nikaona kile kipande cha kitenge chako cha zamani, chenye maua ya njano, ambacho ulikuwa unanibebea mgongoni. Nilikaa chini, Mama. Nililia kidogo kabla ya kukifungua. Halafu nikakifungua, nikaziona zile sarafu za Kanada, na machozi yakakauka.

Nazikumbuka. Nani wa nyumba yetu asiyezikumbuka? Padri yule wa Kanada alipokuwa anarudi kwao kufa, alimwachia Baba kopo zima, kwa sababu Baba ndiye aliyepiga paa la shule ya parokia bila kudai hata franga. Akasema watoto wa kwao walizikusanya zamani. Baba hakuziuza wala hakuzitumia. Siku ya mvua kubwa alikuwa anatumwagia mkekani tucheze: yenye mnyama wa pembe za matawi, yenye merikebu, na ile ndogo yenye panya mkubwa tuliyekuwa tunamwita simbiliki. Upande wa pili kichwa cha mwanamke, au cha mwanamume kwenye zile kuukuu zaidi. Baba alikuwa anasema zile kuukuu ni fedha, fedha yenyewe ya madini. Alisema hivyo tu, hakusema zipi.

Sasa nije kwenye karatasi ya Baba mdogo, ile iliyosindikiza barua yako. Mama, yeye ni baba yangu, na mbele yake mdomo wangu una kamba. Kalamu haina kamba. Nimeisoma ile karatasi asubuhi, nikaisoma nikisonga foufou, nikaisoma tena nikidhani labda moshi ndio unaonidanganya. Anasema nimuuzie sarafu huku kwa wanunuzi wa madini, kwa kuwa redio ilitaja bei ya fedha kwa onsi moja. Yeye hajui onsi ni nini. Angeuliza. Mwalimu wa shule ya msingi yuko nyumba ya tatu kutoka kwake. Badala ya kuuliza, akaamua kwamba sarafu moja ni onsi moja, akazidisha, akapata ng'ombe wanne na chenji.

Angeishia kwenye karatasi ningecheka. Lakini alivaa koti lake, akaenda kwa wakwe watarajiwa wa Inosenti. Na wale watu, Mama, wewe mwenyewe uliniandikia mwezi uliopita, walikuwa wameomba mbuzi. Mbuzi, kama mababu walivyokuwa wanaomba, na jembe, na blanketi ya bibi ya msichana. Hawakutaja ng'ombe. Ni Baba mdogo aliyesimama katikati ya sebule yao akasema nyumba yetu haitoi mbuzi, inatoa ng'ombe wanne. Baba wa msichana nasikia hata alijaribu kumwonea huruma, akamwambia hakuna haraka. Baba mdogo akaapa. Ahadi ni deni, na hilo deni lina pembe na linakula majani.

Sasa ng'ombe watatoka wapi wakati sarafu ziko kwangu Omate? Watatoka kwa yule mwenye ferme ya ng'ombe ng'ambo ya mto, ambaye miaka yote hii analitazama shamba letu la chini kama paka anavyotazama nyama. Anatoa ng'ombe siku shamba linapopimwa kwa kamba, nalo linakaa rehani kwake. Pesa ya sarafu isipofika kabla ya kuvuna mtama, shamba ni lake. Baba mdogo ameliandika hili chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, baada ya salamu. Mama, katika shamba hilo ndimo alimozikwa Baba.

Kesho yake nilimwachia Neema sufuria, nikaenda na kitenge chako kwa Papa Kizito. Huyu ni mnunuzi wa dhahabu, mzee mnene mwenye kibanda karibu na mto, ana mizani ndogo ya kioo ambayo hata pumzi inaisumbua. Watu wanasema ni mwizi. Mimi nasema ni mwizi wa kawaida, anaiba mahali unapomwona. Nikamwambia nataka kujua hizi zikiyeyushwa zinatoa nini. Akazimwaga mezani, hakugusa mizani kwanza. Akachukua sumaku.

Nikueleze hii sumaku, kwa sababu ndimo ulimo ugonjwa wetu wote. Huku kwenye dhahabu, mtu akishaosha mchanga kwenye karai, chini hubaki mchanga mweusi mzito, na chembe za dhahabu zimejificha ndani. Wanapitisha sumaku juu yake. Sumaku inabeba ule mweusi, unatupwa, na dhahabu inabaki. Hata Neema anajua: kinachoshikwa na sumaku ni takataka.

Papa Kizito aliishusha sumaku mezani, na sarafu zote zikaruka. Zote, Mama. Simbiliki, merikebu, mnyama wa pembe, zikaning'inia pale chini kama nyuki kwenye tawi. Hakubaki hata moja mezani. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kucheka.

“Mama Neema,” akasema, “sumaku haikamataka arjenti, feza yenyewe, ata siku moya. Hizi ziko nikeli. Ule mwenye alikutumia, alichagula za bure akatuma, akabakia na za muzuri.”

Nikamwambia hapana, zimetoka kwa mama yangu, hakuna aliyechagua. Halafu nikakumbuka karatasi. Nikaitoa kifuani, nikatafuta ule mstari ambao nilikuwa nimeupita haraka kwa sababu ya hasira ya ng'ombe. Baba mdogo ameandika hivi, na ninakunakilia kama alivyoandika: “Nimekutumia tu zile sumaku inapenda. Kitu sumaku inapenda njo mali, njo vile tulifundishwa kwa koltani. Zile ilikataa nimezitumikisha kazi ingine.”

Ndivyo ilivyo. Miaka ile yote aliyofanya kazi kwenye machimbo ya koltani, yale madini ya simu, mnunuzi alikuwa anapitisha sumaku yake, kinachobebwa kinawekwa kando ni koltani, kinachobaki ni kasiteri, madini ya bati, ya bei ndogo. Kwake yeye sumaku ni jicho la Mungu. Hakufikiri kwamba madini si watoto wa mama mmoja. Angemuuliza mchimbaji yeyote wa dhahabu, angemuuliza hata mkwe wake, mume wangu, ambaye yuko shimoni, lakini Baba mdogo hajapata kuuliza tangu alipozaliwa. Nasikia hata maziwa alichukua bila kulia.

Nilimwomba Papa Kizito anifundishe hesabu yenyewe, ile ya kweli. Akapanda kilima kutafuta rezo kwenye simu yake, akateremka ameloa, akanitoza sahani ya maharage kwa kazi hiyo. Inakwenda hivi, Inosenti, sikiliza vizuri kwa sababu hii sasa inakuhusu. Huhesabu nambari iliyoandikwa kwenye sarafu. Hiyo ni ya dukani kwao. Unapima uzito. Unauliza ndani yake mna fedha kiasi gani. Unazidisha na bei ya gramu ya siku hiyo, halafu unatoa fungu la mwenye kuyeyusha, ambaye hawezi kukosa. Zile za zamani, zenye mwaka wa sitini na sita kurudi nyuma, sehemu nane katika kumi ni fedha, mbili ni shaba. Za sitini na saba na nane zimechanganyikana, mtu asizitegemee. Baada ya hapo serikali yao ilipunguza matumizi, ikaweka nikeli. Ila simbiliki yeye hana bahati, karibu miaka yote ni nikeli tu au chuma. Na ile ya mnyama wa pembe, ya zamani, haifiki gramu sita, kwa hiyo fedha safi ndani yake ni gramu nne na ushehe. Onsi ya Baba mdogo ni gramu thelathini na moja. Mnaona ng'ombe walivyokonda.

Hizi za nikeli nazo tulizifanyia hesabu, nisije nikasemwa nimezidharau. Mfuko wote, ukimpata mtu wa kununua nikeli, na hapa hayupo, haununui hata mguu wa nyuma wa mbuzi. Papa Kizito alinipa shauri nimpe mjukuu wako achezee.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hata nikaunguza maharage. Nilikuwa najiuliza hiyo kazi ingine ni kazi gani. Ametengenezea watoto magurudumu? Amezitupa? Halafu nikachukua barua yako nione kama ulisema kitu, na nikayakuta maneno yako yale yale yaliyonifurahisha: jiko halivuji, Siriaki alipanda na nyundo, akakosa vizibo vya chupa vya kuweka chini ya vichwa vya misumari, akatumia “vile vyuma vyeupe vya Padri vilivyobaki”. Na ukaongeza kwamba alivisifu kwa ulaini wake, msumari unapita bila taabu, ndiyo sababu alijua havina maana.

Mama. Fedha ya Baba iko juu ya jiko. Imepigwa misumari. Unapika chini yake kila siku, moshi unaipaka masizi kwa chini, kuku wanaikanyaga kwa juu. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nina malaria. Halafu nikawaza kwamba wewe mwanamke unayeazima chumvi una paa la fedha, na kwamba kwa ajili ya kopo hilo hilo mtu anataka kukutoa shambani.

Sasa sikilizeni. Nilimuuliza Papa Kizito kuhusu matundu. Nilidhani msumari umeharibu kila kitu. Akasema mwenye kuyeyusha hatazami tundu wala mkwaruzo wala masizi, anatazama mizani. Kilichotoka kwenye tundu ni kidogo kuliko kinachobaki kwenye ukucha. Kwa hesabu ya mkono mgumu, nikimtolea mwenye kuyeyusha fungu lake na mwizi mmoja wa njiani, sarafu kumi za mnyama wa pembe zinaweza kusimama badala ya mbuzi mmoja. Zile za merikebu ni ndogo, inabidi ziungane nyingi. Sijui juu ya jiko ziko ngapi. Paa lina pande mbili na Baba mdogo haogopi misumari. Huenda ni mbuzi watatu, huenda watano. Ng'ombe hakuna. Si wanne, si mmoja, si mkia.

Lakini wale watu waliomba mbuzi, Mama. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote. Tulichoombwa tulikuwa nacho, na Baba alikuwa ametuwekea kwenye kopo. Ni sisi tuliotaka kuonekana. Tamaa mbele, mauti nyuma, na safari hii mauti imekuja na kamba ya kupimia shamba.

Kwa hiyo nakuomba, mtoto akimwomba mama yake. Kwetu shamba halipimwi mpaka mwenye nyumba ashike ncha moja ya kamba. Baba hayupo, mwenye nyumba ni wewe. Baba mdogo anaweza kusema, anaweza kuleta mashahidi na pombe, anaweza hata kununa wiki nzima, lakini hawezi kushika ncha zote mbili. Usiishike hiyo kamba. Mkwe wa kweli hataki msichana wake aje kulala kwenye nyumba isiyo na mahali pa kupanda viazi. Inosenti, wewe nenda kwa baba wa msichana wako, peke yako, bila koti la mtu. Mwambie kwa adabu kwamba ng'ombe walikuwa maneno, na mbuzi ni kweli, na watakuja kidogo kidogo. Utaaibika asubuhi moja. Aibu ya asubuhi moja haijawahi kuua mtu. Wakipungua mbuzi wawili watatu, mimi nitawatafuta huku, hata kama itabidi niwashike hawa wachimbaji miguuni walipe.

Baba mdogo, ukiwa unasikiliza: shikamoo. Ninakuheshimu, na najua ulitaka mtoto wa ndugu yako atoke kwa kichwa cha juu. Njaa ile ulipotubeba hatujaisahau. Lakini safari ijayo, baba yangu, uliza.

Sasa kazi yenyewe. Subirini siku mbili tatu za jua. Msing'oe zote kwa pamoja, upepo utabeba bati mpaka Pinga. Ng'oeni msumari mmoja, shusheni sarafu, wekeni ingine mahali pake, ndipo mwende kwa msumari unaofuata. Zinazoshuka zioshwe kwa maji na sabuni tu, msizisugue na mchanga, mnasugua mbuzi. Soma mwaka kwenye kila moja. Zikiwamo nyekundu, hizo ni shaba, ziacheni. Kisha zilale ndani ya chungu cha mbegu za maharage mpaka njia ya Goma kwa mwenye kuyeyusha itulie, na sokoni asijue mtu.

Na utaniuliza, weka ingine ipi? Mama, nimekurudishia mfuko. Jado anao, na sarafu zimefungwa ndani ya kitenge kile kile, ingawa nilitamani sana kubaki nacho. Ni zile zile alizonichagulia Baba mdogo. Nilizipeleka kwa fundi anayenoa sururu za wachimbaji, akazitoboa zote katikati, moja moja, akilalamika kwamba ni ngumu kuliko mwamba. Hazishiki kutu kama vizibo vya chupa. Paa litakaa miaka, na hakuna mtu atakayeweza kusimama tena katika sebule ya watu akaziapia ng'ombe.

Nisalimie Shangazi Feza anayepika kasiksi, ile pombe ya ndizi, mwambie mkono wake bado tunaukumbuka. Nisalimie mama yangu wa ubatizo kule parokiani, na mke wa katekista, umuulize taratibu kuhusu ile dawa. Nisalimie bibi ya msichana wa Inosenti, mwambie blanketi yake nimeshainunua, ni nyekundu, iko ndani ya mfuko chini kabisa. Neema anakubusu. Mume wangu anasema wamekaribia.

Jado ameniahidi kukufikia kabla ya siku ya kupima. Wakija na kamba yao, Mama, wakute umesimama mlangoni na sarafu hizi konzi mbili. Wakikunyooshea ile ncha, waonyeshe tu kwamba mikono yako imejaa.

Ni mimi, mtoto uliyembeba kwa maua ya njano,
Furaha